Wakili Mchanga Kortini: Mbinu za Kutengeneza Filamu ya Kuchekesha Ukiwa Kitale au Bungoma

Una simu yenye kamera safi, marafiki wanaopenda kuigiza na hadithi ya korti inayokuzunguka kichwani. Hiyo inatosha kuanza. Wakenya wamecheka na Vioja Mahakamani tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla kituo hakijaitwa KBC, kwa hivyo hadhira yako iko tayari. Inamjua hakimu mkali. Inamjua shahidi anayejikanganya. Wewe iletee kitu kipya: wakili mchanga aliyebanwa kati ya mteja wake na dhamiri yake.

Kitale na Bungoma ni mahali pazuri pa hadithi hii kwa sababu watu hujuana. Wakili, mlalamishi na mshtakiwa wanaweza kuabudu kanisa moja na kukopa sukari duka moja. Wakili wa Nairobi anaweza kumkwepa mteja wake baada ya kesi. Wa Kitale atakutana naye steji jioni hiyo hiyo.

Shika kanuni moja tangu mwanzo: mtego wa wakili wako uwe wa kweli kisheria. Ukiwa wa kweli, kicheko kitakuja chenyewe na kitadumu. Ukiwa wa kubahatisha, watu watacheka dakika tano kisha watarudi kwenye simu zao.

1. Nenda ukakae kortini

Kabla hujaandika neno, tenga asubuhi moja uende Mahakama ya Kitale au ya Bungoma. Kesi husikizwa hadharani, na Katiba ndiyo inayosema hivyo. Fika mapema, zima simu, kaa nyuma na usikilize.

Usirekodi wala kupiga picha. Beba daftari. Andika jinsi karani anavyoita faili, jinsi watu wanavyosimama, jinsi mama anavyoshika kitambaa akisubiri jina la mwanawe. Mambo hayo madogo ndiyo yatakayofanya filamu yako iaminike.

Usichukue kesi ya mtu uliyoiona na kuiweka kwenye skripti. Chukua mwendo, lugha na tabia. Kesi yenyewe itunge mwenyewe.

2. Jenga mtego kabla ya kichekesho

Usianze na mistari ya kuchekesha. Anza na uamuzi ambao wakili wako hawezi kuufanya bila kuumia. Uandike kwa sentensi moja na uubandike ukutani.

Hii hapa mitego minne ya kweli:

- Mteja amemwambia wakili kwamba kosa alilifanya, lakini anataka kukana mbele ya hakimu.
- Mteja amemkabidhi bahasha ampelekee shahidi, akiiita nauli.
- Mlalamishi ni khocha wake, kaka ya mama yake, ndiye aliyemlipia karo.
- Pesa za mteja za kununua shamba ziko kwenye akaunti ya wateja, na wakili anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Chagua mmoja. Ukiichanganya yote, hakuna utakaouma. Hapa tutafuata wa kwanza, kwa sababu unamfungia wakili mlango kila upande.

3. Chagua kosa lenye adhabu ya kuogopesha

Kichekesho kinahitaji hatari. Mteja akiwa hatarini kulipa faini ndogo tu, hakuna atakayejali.

Tumia ng'ombe. Kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu wizi wa mifugo, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Orodha yake inataja ng'ombe, mbuzi, punda, nguruwe, ngamia na hata mbuni. Kuku hayumo. Wizi wa kuku huangukia wizi wa kawaida, ambao adhabu yake ya juu ni miaka 3.

Tofauti hiyo pekee inaweza kukupa onyesho zima. Mteja anauliza kwa nini jirani yake wa kuku alifungwa muda mfupi. Wakili anafungua kitabu na kumsomea orodha, mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila jina linamzidishia mteja jasho.

Sasa una hadithi: ng'ombe wa maziwa ametoweka Kiminini usiku, akaonekana Chwele siku ya soko. Mwenyewe ni mama mjane aliyekuwa akilipa karo kwa maziwa hayo. Mshtakiwa ni kijana anayependwa na mtaa mzima.

4. Jua milango aliyo nayo wakili

Hapa ndipo skripti nyingi huharibika. Mwandishi anadhani wakili akijua mteja ana hatia lazima amripoti, au lazima adanganye. Yote mawili si kweli.

Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinalinda siri ya mteja. Alichomwambia wakili wake kuhusu kosa lililokwisha kutendeka, wakili hawezi kukitoa bila ruhusa ya mteja mwenyewe. Lakini ulinzi huo una mpaka. Mteja akimtumia wakili kupanga uovu mpya, mazungumzo hayo hayalindwi.

Tumia mpaka huo kugeuza hadithi katikati. Mwanzoni mteja anakiri: ng'ombe nilimchukua. Siri hiyo inalindwa. Baadaye anarudi na kusema: nimepata mtu wa kuapa kwamba usiku ule nilikuwa kwake, nisaidie kumfundisha la kusema. Hiyo ni njama mpya. Wakili akishiriki, naye ni mhalifu.

Milango mitatu iko wazi kwake kihalali:

- Kuupima ushahidi wa upande wa mashtaka. Ni kazi yao kuthibitisha kosa, na wakili anaruhusiwa kuonyesha pale walipokosea.
- Kumshauri mteja akubaliane na upande wa mashtaka, akiri kosa na kumlipa mama fidia. Sheria ya Kenya imeruhusu makubaliano ya aina hiyo tangu 2008.
- Kuiomba mahakama imruhusu kujiondoa kwenye kesi, bila kufichua siri aliyoambiwa.

Na mitatu imefungwa: kumnong'onezea kiongozi wa mashtaka, kumsimamisha mteja aape uongo anaoujua, na kumfundisha shahidi wa bandia. Mpitishe wakili wako karibu sana na kila mlango uliofungwa. Mkono wake ufike kwenye kitasa. Hapo watu watacheka huku wameshika roho.

5. Mpe bosi

Kenya wakili mpya hafungui ofisi yake siku anayoapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Chini ya Sheria ya Mawakili, lazima kwanza afanye kazi miaka miwili mfululizo kabla ya kujitegemea. Kabla ya kuapishwa amepita chuo kikuu, Kenya School of Law, mitihani na miezi sita ya mafunzo kazini.

Usione hilo kama kikwazo. Ni zawadi ya mhusika. Wakili wako ana bosi, mzee wa sheria mwenye ofisi ghorofani, karibu na soko. Siku ya kesi bosi amekwama Webuye, simu haipatikani, na faili iko mkononi mwa mwanagenzi.

Usimfanye bosi mwovu wa sinema. Mfanye mtu mzuri aliyezoea kufunga jicho. Akisema "Hayo mambo hutokea, kijana, endelea," kijana atatetemeka kuliko akisikia tishio.

Bosi huyo pia ataulizwa swali ambalo kila mtazamaji analo: utamteteaje mtu unayejua amekosa? Mpe jibu fupi la kweli. Wakili hasemi kwamba mteja ni malaika. Anahakikisha serikali inathibitisha kabla ya kumfunga mtu, kwa sababu kesho atakayekuwa kizimbani anaweza kuwa hana hatia.

6. Ondoa korti ya Hollywood

Mtazamaji wa Bungoma amewahi kuingia kortini au ana ndugu aliyeingia. Atakukamata ukikosea. Pitia orodha hii:

- Hakuna watu 12 wa kuamua kesi. Hakimu ndiye anayeamua.
- Hakuna nyundo ya mbao. Hakimu akitaka utulivu, anatazama tu, au askari anaita watu kimya.
- Hakuna wigi. Ziliachwa 2011, enzi za Jaji Mkuu Willy Mutunga.
- Katika mahakama ya hakimu, wakili avae suti nyeusi. Joho libakie Mahakama Kuu.
- Hakimu akiingia, askari anaita "Koorti!" na kila mtu anasimama.
- Hakimu huitwa Mheshimiwa.
- Mshtakiwa husomewa mashtaka na kujibu "ni kweli" au "si kweli".
- Anayeshtaki ni wakili wa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Ile "si kweli" ni mahali pa dhahabu. Mteja wetu anajua ni kweli. Wakili anajua ni kweli. Karani anasubiri. Acha kimya kirefu kabla ya jibu, na kamera ikae kwenye uso wa wakili.

Usiogope kwamba "si kweli" ya mteja inamchafua wakili. Kukana mashtaka ni haki ya kila mshtakiwa, ni njia ya kusema: thibitisheni. Tatizo linaanza akiapa na kutoa ushahidi wa uongo. Mtofautishie mtazamaji mambo hayo kwa mstari mmoja wa mazungumzo.

7. Chota kicheko kwenye mambo ya hapa

Anza na mkalimani. Katiba inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti haki ya kupata mkalimani bila malipo. Katika mahakama ya hakimu, kesi huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na eneo hili lina wasemaji wa Kibukusu, Kisabaot, Kiteso, Kipokot na lugha nyingine nyingi.

Mfano: mzee anajibu kwa Kibukusu dakika nzima. Anaonyesha Mlima Elgon kwa mkono, anamtaja babu yake, anahesabu kwa vidole, anapangusa machozi. Mkalimani anageuka: "Anasema hapana, Mheshimiwa." Mzee anayejua Kiswahili kidogo anadakia: "Sikusema hivyo tu!"

Kisha tumia undugu. Wakili anapoinuka kumhoji shahidi, shahidi anamuuliza hali ya mama yake. Hakimu anamkanya. Shahidi anaomba radhi na kuongeza kwamba amsalimie mama.

Kisha tumia vielelezo. Ng'ombe ni kielelezo kigumu kukileta mbele ya hakimu. Mfunge nje ya dirisha na umwache alie kila wakili anapotaja haki. Fanya hivyo mara tatu, usizidishe.

Acha kicheko cha lafudhi na kabila. Eneo hili lina historia ya machungu ya ardhi na ukabila, hasa kandokando ya Mlima Elgon, na sheria ya 2008 ya utangamano wa kitaifa inakataza matamshi ya chuki. Mcheke mtu kwa tamaa yake, woga wake na uongo wake. Hapo kila mtu ukumbini atacheka pamoja nawe.

8. Mvunje shahidi kwa kitu ambacho kila mkulima anakijua

Kila filamu ya mahakamani inahitaji mahojiano makali. Usitafute jambo la kisheria la ajabu. Tafuta jambo la kila siku.

Itazame My Cousin Vinny, filamu ya Marekani ya 1992. Wakili asiye na uzoefu anamwangusha shahidi kwa kumuuliza chakula chake cha asubuhi kilichukua muda gani kuiva. Kila mtu kwenye chumba kile amewahi kukipika, kwa hivyo hakuna anayehitaji mtaalamu.

Kwetu tumia kalenda ya shamba. Shahidi anadai alimwona mshtakiwa akipita na ng'ombe mwezi wa Mei, yeye akiwa shambani akivuna mahindi. Wakili anamuuliza polepole: mlipanda lini? Machi. Mbegu ya miezi mingapi? Sita. Sasa Mei, mahindi yalifika wapi? Umati unaanza kuguna kabla shahidi hajajibu. Kila mtu Trans Nzoia anajua mavuno makubwa huanza Oktoba.

Hapa ndipo mtego unapokaza. Shahidi ni mwongo kweli, na wakili amemfichua kihalali. Lakini ng'ombe aliibwa na mteja wake kweli. Ukumbi unashangilia, mteja anamkonyeza, mama mjane anainamisha kichwa. Mpe wakili sekunde chache za kushinda, kisha muonyeshe uso wa mama huyo.

9. Andika kurasa 15 hadi 20

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa kesi moja. Zikizidi hapo, bajeti na subira zitaisha pamoja.

Ukiandika kurasa 20, gawa hivi:

- Kurasa 3 za kwanza: wakili anapewa faili, tunamjua, tunampenda.
- Kurasa 4: mteja anakiri. Funga mlango wa ofisi, weka watu wawili tu.
- Kurasa 6: kortini, vichekesho na shahidi.
- Kurasa 3: mteja anarudi na njama mpya.
- Zilizobaki: wakili anaamua na kulipa gharama.

Andika mazungumzo kama watu wanavyoongea Kitale: Kiswahili, Sheng kidogo kwa vijana, Kibukusu kwa wazee, Kiingereza cha kujikaza kwa wakili. Soma kwa sauti mkiwa mmekaa mduara. Mstari unaomkwama mwigizaji mara mbili, ubadilishe.

Mpe wakili wa kweli asome skripti kabla hamjapiga picha. Muulize swali moja tu: ni wapi nimekosea sheria? Wengi watakubali kwa furaha, kwa sababu wamechoka kuona kazi yao ikichorwa vibaya.

10. Hakimu asichekeshe

Tafuta waigizaji kwenye klabu za drama. Shule na vyuo vya eneo hili hushiriki Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, kwa hivyo kuna vijana wanaojua jukwaa.

Waambie jambo moja: hakuna anayejua kwamba yuko kwenye kichekesho. Shahidi anaamini anachosema. Karani anaipenda kazi yake. Mkalimani anaona ametafsiri vizuri.

Hakimu awe mtulivu kuliko wote. Tazama Jolly LLB, filamu ya India ya 2013. Wakili mdogo anafungua kesi akitafuta umaarufu, anapokea pesa za kunyamaza, kisha inabidi achague yeye ni nani. Jaji aliyeigizwa na Saurabh Shukla anachekesha kwa uchovu na vituko vidogo, lakini wakati wa hukumu ukumbi mzima unamsikiliza. Shukla alipata Tuzo ya Taifa ya Filamu ya India kwa kazi hiyo. Mfundishe hakimu wako utulivu huo.

11. Panga siku kwa kufuata mvua na mahindi

Korti yako itakuwa ukumbi wa shule, kanisa au chumba cha mikutano. Shule hupatikana kwa urahisi wakati wa likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Omba kwa barua kwa mwalimu mkuu na upate jibu la maandishi.

Panga chumba hivi: meza ya hakimu juu ya jukwaa, kizimba kando, sehemu ya shahidi upande wa pili, meza ya mawakili katikati, mabenchi ya umma nyuma. Bendera na nembo zipate mahali pake. Meza ya hakimu ijae faili.

Kuanzia Machi hadi karibu Novemba, mvua ya alasiri ni ya kawaida huku. Chini ya paa la mabati hutasikia neno hata moja. Piga maonyesho ya mazungumzo asubuhi, na alasiri piga yasiyo na maneno: kutembea, kusubiri, kuingia ofisini.

Maonyesho yote ya shambani yapige wiki moja. Mahindi hayamsubiri mtu. Ukipiga nusu Juni na nusu Septemba, wakili ataingia shambani mahindi yakiwa mabichi na kutoka yakiwa makavu.

Angalia na siku ya wiki. Jumamosi na Jumapili makanisa huwa na vipaza sauti. Siku za soko bodaboda huwa nyingi. Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi ndio muda wako.

12. Tumia pesa kwenye sauti

Watu watavumilia picha ya wastani. Sauti mbaya watazima. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja, nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola.

Huna? Tumia simu ya pili. Iweke mezani karibu na anayeongea, ifunike kwa karatasi za faili, irekodi sauti peke yake. Piga makofi mara moja mbele ya kamera kabla ya kila onyesho ili baadaye ulinganishe sauti na picha.

Tundika mablanketi nyuma ya kamera kupunguza mwangwi wa ukumbi. Zima friji na feni. Jenereta ikae mbali, nyuma ya jengo. Chaji betri zote usiku, kwa sababu stima inaweza kupotea asubuhi ya kazi.

Mwisho wa kila onyesho, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba kile. Utauhitaji wakati wa kuhariri.

13. Piga nyuso zinazosikiliza

Kicheko cha mahakamani hakiko kwa anayeongea tu. Kiko kwa wanaosikiliza. Baada ya kupiga onyesho zima kwa mbali, rudia kwa kila uso: hakimu, karani, mteja, mama mjane, askari wa mlangoni.

Weka kamera upande mmoja wa chumba na usivuke. Wakili akitazama kulia kumwona hakimu, atazame kulia kila mara. Ukivuka, mtazamaji atachanganyikiwa nani anaongea na nani.

Tumia mwanga wa madirisha. Waigizaji wakae wakilitazama dirisha, kamera ikae kati yao na dirisha. Simu iwe kwenye tripodi au iegemee kitu kizito.

Kuhariri, CapCut inatosha kwenye simu, na DaVinci Resolve ina toleo la bure kwa kompyuta. Kata mapema. Kichekesho kikishapata kicheko, ondoka.

14. Maliza makaratasi kwanza

Kupiga filamu ya kuonyesha watu Kenya kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani. Wasiliana na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, kabla ya kupanga siku. Bodi hiyo ndiyo pia itakayoipa filamu yako daraja: GE kwa wote, PG kwa mwongozo wa mzazi, 16 au 18.

Usivalishe mwigizaji sare ya polisi bila idhini. Ni kosa. Omba kibali, au mwoneshe askari kwa sauti na kivuli cha mlangoni.

Kila mwigizaji asaini karatasi ya kukubali picha yake itumike. Mtoto asainiwe na mzazi. Aliyeandika skripti, aliyeelekeza na aliyetoa pesa waandikiane mapema nani anamiliki nini.

Kwa muziki, usichukue wimbo wa mtu. Mtafute mpigaji litungu wa Bungoma, mlipe, mwandikiane. Nyuzi zake zitaipa filamu yako sauti ya nyumbani. Filamu ikikamilika, isajili kwenye Bodi ya Hakimiliki, KECOBO.

15. Mwache wakili alipe gharama

Mwisho mwepesi ni mteja kugundulika hana hatia. Usiuchukue. Utafuta kila kitu ulichojenga, kwa sababu wakili hatakuwa amechagua chochote.

Mwisho mwepesi mwingine ni wakili kusimama na kutangaza siri ya mteja huku watu wakipiga makofi. Huo ni kosa la kitaaluma na unamfundisha mtazamaji asimwamini wakili wake. Uache pia.

Chagua mlango wa kweli. Wakili anaweza kukataa shahidi wa bandia, akamkalisha mteja na kumwambia wazi: ukitaka uongo, tafuta mtu mwingine, ukitaka kumaliza jambo hili, tumrudishie mama haki yake. Mteja akikubali, wanaenda kwa upande wa mashtaka. Akikataa, wakili anaomba kujiondoa, na anatoka na faili tupu huku mtaa ukimwita mwoga bila kujua alichokataa.

Kwa vyovyote, kitu kimpotee: mteja, ada, sifa au upendeleo wa bosi. Usimlipe kwa pongezi. Mtazamaji anajua uaminifu una bei, na atamheshimu wakili aliyeilipa.

16. Onyesha nyumbani kabla ya kwingine

Panga onyesho la kwanza kwenye ukumbi mlikopigia, kisha lipeleke mji wa pili. Omba nafasi ya kuhojiwa Sulwe FM au West FM wiki hiyo. Baada ya hapo ingia mtandaoni, na uiwasilishe kwa tuzo za Kalasha za Kenya Film Commission.

Usiku wa onyesho mwalike wakili wa kweli akae mbele, na maswali yaanze mara filamu inapoisha. Ukumbini kutakuwa na mtu mwenye kesi wiki ijayo. Atauliza kama anaweza kupata mkalimani, kama akimwambia wakili ukweli utafika kwa hakimu, kama anaweza kukubaliana na mlalamishi. Mpe muda wa kutosha kuuliza, na umpe maiki mtu aliyekaa nyuma kabisa kwanza, maana mara nyingi ndiye mwenye shida kubwa na aibu kubwa.